Injini Inapomisi Mlimani: Plagi Husingiziwa, Presha ya Mafuta Hujificha

Gari la zamani likianza kutikisika likiwa kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila mtu kukanyaga mafuta, au likikohoa na kukosa nguvu linapopanda mlima, fundi wa kwanza kulisikiliza atasema kwamba linamisi, na mara nyingi kauli inayofuata ni bei ya plagi nne mpya. Kauli ya kwanza ni ya kweli. Ya pili ni bahati nasibu, kwa sababu kumisi si ugonjwa bali ni dalili: silinda moja au zaidi imefikia zamu yake ya kuwaka na zamu hiyo ikapita bila mchanganyiko wa hewa na petroli kuungua, au ukaungua nusunusu. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 800 kwa dakika huwa na miwako 1,600 katika dakika hiyo, na kila silinda hudaiwa miwako 400. Silinda moja ikigoma kabisa, hutokea mapengo zaidi ya 6 kwa sekunde, na mapengo hayo ndiyo mtikisiko unaousikia kwenye usukani na kwenye kiti.

Ili silinda iwake inahitaji hewa, petroli inayolingana na hewa hiyo, mgandamizo ambao mafundi huuita kompresheni, na cheche yenye nguvu inayoruka kwa wakati wake. Hayo kila aliyepita darasa la ufundi magari anayajua. Kisichosemwa sana gerejini ni kwamba mambo hayo manne hayakai kila moja chumbani kwake. Petroli ikipungua, mchanganyiko huwa hafifu, yaani wenye hewa nyingi kuliko inavyotakiwa, na mchanganyiko hafifu ni mgumu kuuwasha: koili, inayozalisha umeme wa cheche, hulazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Plagi iliyochakaa, ambayo pengo lake limepanuka na kingo zake zimelika, ndiyo ya kwanza kushindwa katika hali hiyo. Ukifunga plagi mpya, cheche huruka kwa volti ndogo, gari hutulia, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba mwizi amekamatwa. Kumbe upungufu wa petroli uko palepale na unaendelea kuongezeka. Baada ya wiki kadhaa misi hurudi, na safari hii hulaumiwa plagi kwamba ni feki.

Nimeliona jambo hili kwa karibu kwenye Corolla 110 ya shemeji yangu, ambaye hupita mara kwa mara barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Gari lilikuwa zuri tambarare, lakini likifika mlima Kitonga lilianza kugugumia, na mara mbili lililazimika kusimama kando ya kona huku malori yakilipita kwa mwendo wa kinyonga. Alikuwa amebadilisha plagi mara tatu. Seti ya kwanza ilimpa nafuu ya takriban wiki sita, ya pili wiki tatu, na ya tatu siku kumi. Nafuu inayopungua namna hiyo ni ushahidi wenyewe: kitu kingine nyuma ya plagi kilikuwa kinazidi kudhoofika.

Nachukua gari hilo kuwa mfano kwa sababu Corolla za miaka ya 1990 zenye injini za familia ya A, kama vile 4A-FE na 5A-FE, bado zimejaa barabarani kwetu, na kwa sababu ufundi wake ni wa wazi: kuna distribyuta moja inayogawa umeme wa cheche, nyaya nne za plagi, nozeli nne zinazopulizia petroli, na pampu ya umeme ndani ya tenki. Magari ya baadaye yenye koili juu ya kila plagi huweza kukuambia kupitia mashine kwamba silinda namba mbili ndiyo inayomisi. Corolla nyingi za soko la Japani za miaka ile hazina msaada huo. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, taa ya injini itamweka kwa hesabu, na utapata namba kama 14 kwa alama ya uwashaji, 22 kwa kipimajoto cha maji au 31 kwa sensa ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Ni msaada mdogo lakini wa bure. Taa isipoonyesha kosa lolote, usidhani injini ni nzima, maana kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ya aina hiyo haina macho ya kuona presha ya petroli wala waya wa plagi uliooza.

Swali linalopaswa kutangulia yote ni hili: je, inamisi silinda moja, au zote zinapokezana? Jibu hupatikana kwa kuacha injini ifanye kazi kwenye sailensa, kisha kuchomoa soketi ya umeme ya nozeli moja baada ya nyingine na kusikiliza. Silinda iliyo hai ikizimwa, mzunguko wa injini hushuka na mtikisiko huongezeka. Silinda ambayo ukiizima hakuna kinachobadilika ndiyo iliyokuwa imelala. Mafundi wengi hufanya jaribio hili kwa kuchomoa nyaya za plagi badala ya soketi za nozeli, na mimi sipendi. Kwanza, umeme wa koili ni wa maelfu mengi ya volti na huweza kukurusha. Pili, petroli ambayo haikuungua huingia kwenye ekzosi na kuyapasha masega ya kusafishia moshi (katalisti) joto la kuyayeyusha. Tatu, koili isiyo na pa kutolea umeme wake huweza kutoboka ndani.

Ikionekana ni silinda moja, presha ya mafuta karibu unaweza kuiweka kando. Nozeli zote nne hunyweshwa na bomba moja, kwa hiyo presha ikishuka zinaonja njaa ile ile. Tafuta kilicho mali ya silinda hiyo peke yake: plagi yake, waya wake, nozeli yake, valvu zake. Hamisha plagi kwenda silinda ya jirani. Misi ikihama nayo, umemaliza kazi. Isipohama, fanya hivyo kwa waya. Kwa nyaya za injini hizi multimita haipaswi kusoma zaidi ya kiloomu 25 kwa waya mmoja. Tazama pia ndani ya kisima cha plagi, kwa sababu visima hivyo vimepita katikati ya kava la valvu, na sili zake zikikauka oili hushuka na kulowesha mpira wa waya mpaka unavimba na kuvujisha umeme. Nozeli nayo husikika: weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini kwenye sikio, utasikia mlio wa saa ya mezani. Iliyo kimya ipimwe koili yake ya ndani, ambayo ikiwa nzima husoma karibu omu 13.8, kisha upimwe waya unaoiletea amri.

Silinda zote zikimisi kwa kupokezana, tena hasa unapokanyaga mafuta au unapopanda mlima, watuhumiwa hubaki wachache: cheche ya jumla, yaani koili, kava na rota ya distribyuta, petroli ya jumla, yaani pampu, filta na regulata inayorekebisha presha, au petroli yenyewe kuwa chafu. Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu koili dhaifu na pampu dhaifu huonekana sawasawa mlimani. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi huingia kwenye silinda, mgandamizo hupanda, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka kwenye hewa iliyobanwa. Koili dhaifu hushindwa hapo. Wakati huohuo injini huhitaji petroli nyingi zaidi, na pampu dhaifu nayo hushindwa hapo. Kuna tofauti ndogo ambayo dereva makini huisikia. Misi ya cheche ni ya ghafla na kali, kama mtu anayezima na kuwasha swichi, na mara nyingi huzidi asubuhi yenye unyevunyevu. Njaa ya petroli huja taratibu: gari hulegea kwanza kama limefungwa kamba nyuma, ndipo likohoe, na ukipunguza mguu hupata nafuu. Lakini sikio lisikutume kununua spea. Likutume kwenye geji.

Geji ya presha ya petroli ni kifaa cha bei ndogo kuliko pampu moja ya mtumba, na bado gereji nyingi hazina. Hufungwa kwenye njia ya petroli inayotoka kwenye filta kwenda kwenye bomba la nozeli. Kabla ya kulegeza nati yoyote, chomoa kichwa cha hasi cha betri, weka kitambaa cha kudaka petroli, na uwe na mtungi wa kuzimia moto mkononi mwa mtu wa pili, siyo ofisini kwa bosi. Petroli hiyo imebanwa na itaruka. Washa za kuzibia zikifunguliwa hubadilishwa. Ukirudisha za zamani zitavuja juu ya ekzosi yenye moto.

Vipimo vya injini hizi ni vitatu. Injini ikiwa kwenye sailensa na mpira wa vakyumu ukiwa kwenye regulata, geji isome takriban psi 30 hadi 37. Ukiuchomoa mpira huo na kuuziba, ipande hadi kati ya psi 38 na 44. Ukizima injini, presha isishuke chini ya psi 21 kwa dakika 5. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ina maana kubwa. Regulata haikuumbwa kulinda presha ya bomba peke yake, bali kulinda tofauti kati ya presha ya bomba na presha ya hewa ndani ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye silinda, ambako mdomo wa nozeli umetazama. Kwenye sailensa manifoldi inavuta, kwa hiyo regulata hupunguza presha. Ukikanyaga mafuta mvuto hupotea, nayo huipandisha. Kontroli boksi haihesabu petroli kwa kuipima, huihesabu kwa muda ambao nozeli imefunguliwa, ikiamini kwamba tofauti hiyo haibadiliki. Presha ikianguka, imani hiyo huwa ya uongo. Petroli inayopita haipungui kwa uwiano wa moja kwa moja bali kwa kipeuo cha pili: presha ikibaki robo tatu ya ile inayotakiwa, hupungua kwa takriban asilimia 13, ikibaki nusu, hupungua kwa karibu asilimia 29. Ndiyo sababu pampu huweza kuzeeka muda mrefu bila mtu kugundua tambarare.

Geji tuliyoifunga kwenye gari la shemeji ilisoma 26 kwenye sailensa. Nikachomoa mpira wa vakyumu nikitarajia mkono wa geji uruke, ukasogea hadi 29 na kusimama. Kutoruka huko kulisema mengi kuliko udogo wa namba. Kwa kawaida kuchomoa mpira huifanya regulata ibane njia ya kurudisha petroli kwenye tenki, na presha hupanda. Isipopanda vya kutosha, maana yake regulata tayari imebana karibu yote, hakuna ziada ya kubanwa. Petroli inayofika ni kidogo. Tukathibitisha kwa kuubana mpira wa kurudisha mafuta kwa plaisi iliyofungwa kitambaa, taratibu na kwa sekunde chache tu, maana pampu nzima huweza kupandisha presha kupita kiasi. Kama mkono wa geji ungepaa, regulata ndiyo ingekuwa inavujisha. Haukupaa. Shida ilikuwa nyuma yake, kati ya nozeli na tenki.

Hapo wengi wangetamka neno pampu na kutoa fedha. Nyuma ya regulata kuna filta, mabomba, chujio dogo lililovishwa kwenye mdomo wa pampu, pampu yenyewe, na umeme unaoizungusha. Filta ilibadilishwa kwanza kwa kuwa ni rahisi na haikujulikana imekaa tangu lini. Tuliyoitoa ilimwaga maji ya kahawia kwenye beseni. Geji ikapanda kwa psi moja. Tukainua kiti cha nyuma, tukafungua kifuniko kilicho chini yake, na kupima umeme kwenye soketi ya pampu huku pampu ikizunguka. Sharti hilo la kuzunguka ni la lazima, kwa sababu waya uliobaki nyuzi mbili utasoma volti kamili kama hauna mzigo, kisha ukaanguka pampu inapoanza kunywa. Betri, injini ikiwa inaunguruma, ilikuwa na volti 13.8. Pampu ilikuwa inapata 10.1.

Volti 3.7 zilikuwa zinapotelea njiani, na njia ni mbili, ya kwenda na ya kurudi. Tulipima kutoka kichwa cha chanya cha betri hadi chanya ya pampu: 0.4 tu, kiasi cha kuvumilika kwa gari la umri huo na relei zake. Tulipima kutoka hasi ya pampu hadi kichwa cha hasi cha betri: 3.3. Mwizi alikuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Boliti iliyofunga waya wa ethi kwenye bodi, chini ya zulia, ilikuwa imemezwa na kutu kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakiingia kwenye buti kwa miaka. Ilichukua msasa, boliti mpya na mafuta kidogo ya grisi. Tulipowasha, pampu ilipata 13.3, geji ikasimama kwenye 33, na mpira ulipochomolewa mkono ukaruka hadi 41. Pampu iliyokuwa ibadilishwe ilikuwa nzima.

Kipimo cha tatu, kile cha presha kubaki baada ya kuzima, kina habari zake. Presha ikikimbia haraka, gari husumbua kuwaka asubuhi, starta huzunguka muda mrefu. Zima, bana mpira wa kurudisha: presha ikitulia, regulata inavuja. Bana ule wa kuleta: ikitulia, valvu ndogo ndani ya pampu imechoka. Ikiendelea kushuka zote mbili zikiwa zimebanwa, kuna nozeli inayodondosha petroli ndani ya silinda. Uchomoapo mpira wa vakyumu wa regulata unuse ndani yake. Ukikuta petroli, ngozi ya regulata imepasuka, na hapo gari litamisi kwa kushiba, siyo kwa njaa, likitoa moshi mweusi.

Kushiba na njaa huchanganya hata mafundi wazoefu kwa sababu ya sensa ya oksijeni. Silinda inayomisi kwa kukosa cheche hutoa nje hewa yake yote na petroli yake yote bila kuungua. Sensa haioni petroli, huona oksijeni, na huripoti kwamba mchanganyiko ni hafifu. Kontroli boksi huongeza petroli kwa silinda zote. Utasikia harufu ya petroli kwenye ekzosi huku ripoti ikidai petroli haitoshi, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Hewa inayovuja kwenye manifoldi huleta misi, ingawa injini hizi hupima hewa kwa sensa ya vakyumu, kwa hiyo uvujaji mdogo mara nyingi hupandisha sailensa badala ya kuitikisa. Mpira wa sensa yenyewe ukipasuka, injini hunyweshwa kupita kiasi. Kompresheni hupimwa ikiwa silinda moja imekataa kila kitu: karibu psi 190 kwa 4A-FE iliyo nzima, isiwe chini ya 142, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Petroli yenyewe imiminwe kwenye chupa nyeupe na kuachwa nusu saa. Maji hukaa chini yakiwa na mstari wake. Iliyochanganywa na mafuta ya taa haionyeshi mstari, lakini hugongesha injini na kuifanya iwe ngumu kuwaka. Na tabia yetu ya kuweka mafuta ya elfu kumi kumi, taa ya njano ikiwa imezoeleka kama taa ya Krismasi, huiumiza pampu, maana hupozwa na kulainishwa na petroli ileile inayoivuta, na tenki likikaribia kukauka huvuta tope la chini.

Wiki iliyofuata shemeji alipanda Kitonga bila kusimama. Akanipigia simu kesho yake alfajiri akiwa Iringa, kwenye ukungu: "Shemeji, mlimani limepanda kama mbuzi, lakini asubuhi hii limeanza tena kutikisika, limetulia lilipopata moto." Aliporudi tulichomoa soketi za nozeli moja moja injini ikiwa baridi. Silinda namba tatu haikushtuka. Mpira wa waya wake ulitoka umelainika kama embe bovu, unang'aa kwa oili, na multimita ikasoma kiloomu 41. Tulibadilisha nyaya zote nne na sili za visima. Seti tatu za plagi alizozitoa zilikuwa bado kwenye buti, ndani ya mfuko wa rambo. Nilizipima mapengo moja moja, hakuna iliyozidi milimita 0.9.

"Kwa hiyo hizi zote nzima?" akauliza, na kuanza kuzipanga kwenye kiti cha nyuma, nne nne.